Mawe Duni ya Chuma na Mawimbi ya Jikoni

Punje ya bisi hubeba maji kidogo ndani yake, kama sehemu moja ya saba ya uzito wake. Ukiiweka kwenye maikrowevu, mawimbi hupenya ganda na kuyakuta maji yaliyojificha kwenye wanga. Maji hugeuka mvuke, mvuke hubanwa mpaka ukakosa pa kwenda, na ganda hupasuka kutoka ndani. Hakuna aliyeligonga.

Huku magharibi mwa Minneapolis, Minnesota, watu walilichukulia jambo hilo kwa uzito mkubwa. Plymouth, mwendo mfupi kaskazini ya mji wa Hopkins, ndiko kampuni ya Litton ilikounda maikrowevu za majumbani enzi ambazo chombo hicho kilikuwa bado kigeni jikoni. Mwaka 1978 James Watkins alianzisha Golden Valley Microwave Foods, kampuni iliyokuja kuitawanya mifuko ya bisi za Act II Marekani nzima. Na ukitoka Hopkins ukaendesha gari zaidi ya saa tatu kuelekea kaskazini, unafika Mesabi, safu ya vilima ambayo kwa zaidi ya karne moja imetoa sehemu kubwa ya chuma cha nchi hii. Mawe mazuri ya Mesabi yalikwisha zamani. Yanayochimbwa sasa ni magumu kama jabali na chuma chake ni haba.

Mambo hayo mawili, bisi na jabali, ndiyo yanayozaa swali la makala haya. Je, jiwe duni la chuma linaweza kupasuliwa kutoka ndani kwa mawimbi yale yale, likatoa chuma chake kwa gharama ndogo kuliko kulisaga kwa nguvu? Swali hili linatuhusu sisi wa Afrika Mashariki kwa karibu, maana tuna milima ya chuma iliyolala ardhini miaka nenda miaka rudi kwa sababu mawe yake yana kasoro hii au ile.

Tuanze na neno lenyewe, “duni”. Jiwe la chuma linaweza kuwa duni kwa njia tatu tofauti, na anayezichanganya hawezi kuielewa teknolojia hii. Kwanza, linaweza kuwa na chuma kidogo, kama takonaiti, jabali hilo la Mesabi jimboni Minnesota, ambayo chuma chake ni kati ya asilimia 25 na 30 tu. Pili, linaweza kuwa na chuma cha kutosha lakini limechanganyika na kitu kinachosumbua tanuri, kama fosfori inayokifanya chuma kiwe chepesi kuvunjika, au titani inayoyafanya mavi ya chuma yawe mazito yasitake kutiririka. Tatu, linaweza kuwa na chuma kingi na safi, ila chuma chenyewe hakishikwi na sumaku, hivyo kukitenganisha na mchanga ni kazi ngumu. Kila ugonjwa una dawa yake. Tuna mazoea ya kusikia habari ya mashine mpya tukaitumaini kwa magonjwa yote matatu kwa pamoja.

Nina kidonge kimoja cha takonaiti hapa mezani. Ni cha duara, kinalingana na gololi ya watoto, rangi yake kati ya kutu na majivu, na uzito wake unakushangaza ukikitia kiganjani. Vidonge kama hiki hudondoka kwenye mabehewa na kulala kando ya reli za kaskazini, watu wakaviokota kama ukumbusho. Chuma kilichomo ni kama asilimia 65. Ili kupata tani moja ya vidonge, tani tatu hivi za jabali huvunjwa, zikasagwa mpaka unga wake ukawa laini kuliko unga wa ngano, sumaku ikavuta chembe nyeusi za magnetiti, zikaviringishwa pamoja na udongo wa mfinyanzi uitwao bentonaiti, kisha zikaokwa kwenye joto linalokaribia nyuzi 1300 za Selsiasi. Tani moja ya vidonge, tani mbili za unga wa kutupa.

Gharama kubwa ya kazi hiyo iko kwenye kusaga. Mchimbaji mdogo wa Geita au Chunya anaielewa habari hii kuliko profesa yeyote: karasha ndilo linalomaliza pesa. Kwa hesabu za kawaida za viwandani, kuisaga tani moja ya takonaiti mpaka chembe zitengane hula kati ya uniti (kilowati-saa) 15 na 20 za umeme. Juu ya hapo kuna mipira ya chuma inayosagika pamoja na mawe, na mabamba ya ndani ya kinu yanayolika na kubadilishwa mara kwa mara. Tena nguvu nyingi ya kinu hupotea kama joto na kelele. Sehemu ndogo mno ndiyo inayolipasua jiwe. Ndiyo maana wahandisi wamekuwa wakitafuta njia ya kulilegeza jiwe kabla halijaingia kinuni.

Hapo ndipo maikrowevu inapoingia. Kila madini hupokea mawimbi kwa namna yake. Katika miaka ya 1980 watafiti wa Idara ya Migodi ya Marekani walioko Reno, Nevada, walichukua madini mbalimbali wakayatia moja moja kwenye tanuri lenye nguvu kama ya maikrowevu za nyumbani, wakapima joto. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 1988, bado yanatajwa hadi leo. Magnetiti ilivuka nyuzi 1200 kwa muda usiotimia dakika tatu. Unga wa kaboni ulifika joto kama hilo kwa dakika moja. Hematiti, ile nyekundu, ilikaa dakika saba na haikufika nyuzi 200. Kwatzi, jiwe jeupe ambalo ndilo uchafu mkuu ndani ya takonaiti, ilikaa dakika hizo saba na haikufika hata nyuzi 100.

Ukiyatafakari matokeo hayo, utaona kwa nini watu walisisimka. Ndani ya jiwe moja kuna chembe inayowaka na chembe jirani iliyobaki baridi. Inayowaka inatanuka, iliyo baridi inakataa kusogea. Ufa unatokea pale pale zinapokutana, na hapo ndipo msagaji anapoutaka. Kinu hupasua popote, hata katikati ya chembe ambayo haikuhitaji kuvunjwa, lakini ufa wa joto hufuata mpaka kati ya chuma na mchanga.

Mwaka 1991 watafiti hao hao wa Reno walitoa takwimu za mawe ya chuma hasa: baada ya kupashwa kwa maikrowevu, nguvu iliyohitajika kuyasaga ilipungua kwa asilimia 10 hadi 24. Ukiishia hapo unaweza kushangilia. Mimi naomba tuchukue kalamu.

Asilimia 10 hadi 24 ya uniti 17, tuseme, ni uniti mbili hadi nne kwa tani. Hiyo ndiyo akiba yote. Sasa, kuipandisha tani nzima ya jabali joto kwa nyuzi 100 tu, kwa fizikia ya darasani, kunataka uniti kama 22. Yaani umelipa 22 ili uokoe nne, na bado hujahesabu upotevu wa mtambo wenyewe unaougeuza umeme kuwa mawimbi, maana hata mitambo bora hupoteza sehemu. Kwa njia hiyo hakuna mgodi utakaonunua maikrowevu. Watafiti wenyewe waliliona hilo mapema, na kwa miaka kadhaa wengi waliamini kwamba habari imekwisha.

Iliyoifufua ni hoja moja safi iliyotoka Chuo Kikuu cha Nottingham, Uingereza, kwa Sam Kingman na wenzake. Walisema kosa lilikuwa kulipasha jiwe polepole. Ukilipasha kwa dakika nzima, chembe ya magnetiti inapata nafasi ya kumgawia jirani joto lake, na mwishowe jiwe zima linakuwa na joto moja, hakuna anayemsukuma mwenzake. Lipige kwa nguvu kubwa mno kwa muda usiofika sekunde moja, joto halitapata muda wa kuhama, ufa utatokea, na uniti zilizotumika zitakuwa chache, pengine hata moja haifiki kwa tani. Kwenye mawe ya shaba hoja hiyo ilisimama vizuri kiasi cha kujengewa mtambo wa majaribio unaopitisha zaidi ya tani 100 kwa saa.

Kama uniti moja kwa tani inatosha, mgodi unaopitisha tani 2,000 kwa saa unahitaji kilowati 2,000 za mawimbi. Magnetroni kubwa za viwandani (vifaa vinavyozalisha mawimbi hayo), zinazofanya kazi kwenye megahezi 915 badala ya zile gigahezi 2.45 za jikoni, hutoa hadi kilowati 100 kila moja. Ishirini zinatosha, na hiyo ni mashine inayowezekana kujengwa. Kama zinahitajika uniti 22, unataka magnetroni 440, na hilo ni jambo la kuliacha.

Kwa hiyo ushindi wote uko kwenye kuipasha chembe moja bila kuipasha jirani yake. Na hapa ndipo ninapodhani takonaiti ya Minnesota, jiwe ambalo wengi wangelitaja la kwanza, ni mgonjwa mbaya kwa dawa hii. Sababu ni mbili.

Ya kwanza ni wingi wa magnetiti. Katika jiwe la shaba, madini yanayowaka ni asilimia chache tu ya uzito, kwa hiyo nguvu yote inaangukia sehemu ndogo. Katika takonaiti yenye chuma asilimia 30, magnetiti yenyewe inaweza kukaribia asilimia 40 ya jiwe lote. Karibu nusu ya jiwe inataka kula umeme. Sababu ya pili ni udogo wa chembe. Takonaiti husagwa hadi kama sehemu 44 za elfu ya milimita kwa sababu chembe zake ni ndogo hivyo. Joto huvuka chembe ya ukubwa huo kwa sehemu chache za elfu ya sekunde. Ili uliwahi joto, unahitaji pigo la mawimbi lenye nguvu kubwa kupita kiasi, ndani ya jiwe linalosongeshwa na mkanda usiosimama. Mawe yenye chembe kubwa kubwa ndiyo yanayofaa. Na ukizidisha moto mahali penye hewa, magnetiti inaungana na oksijeni na kuwa hematiti, ikapoteza usumaku uliokuwa tegemeo lako lote.

Kwa kusaga takonaiti, basi, hukumu yangu ni kwamba bado. Dawa haijapata jiwe lake.

Njia ya pili ya kuyatumia mawimbi ni kuligeuza jiwe, yaani kuibadili hematiti isiyoshikwa na sumaku iwe magnetiti inayoshikwa. Ukichoma hematiti pamoja na kaboni kidogo kwenye nyuzi 500 hadi 700, inapoteza sehemu ndogo ya oksijeni yake na sumaku inaanza kuivuta. Ujuzi huu ni wa zamani na tanuri za gesi huufanya pia. Mawimbi yanaongeza faida moja: kaboni huwaka kutoka ndani ya mchanganyiko, huna haja ya kusubiri joto litambae kutoka ukutani mwa tanuri. Upande wa magharibi wa Mesabi kuna mabwawa ya marudio ya zamani yaliyojaa hematiti iliyotupwa na wachimbaji wa kwanza. Kampuni ya Magnetation ilijaribu kuyachenjua marudio hayo kwa sumaku kali. Bei ya chuma ilipoanguka, ikafilisika mwaka 2015. Mfano huo unafundisha kwamba hata jiwe likikubali, soko linaweza kukataa. Nao mgodi wa Tilden, jimbo la jirani la Michigan, umekuwa ukitenga hematiti tangu mwaka 1974 kwa wanga wa mahindi na mapovu, bila sumaku wala mawimbi. Anayeuza maikrowevu hashindani na kinu peke yake; anashindana pia na pipa la wanga.

Njia ya tatu ndiyo inayonivutia zaidi: kuyatumia mawimbi kuyeyusha, yaani kuiondoa oksijeni yote ili kibaki chuma. Huko Houghton, karibu na pwani ya kusini ya Ziwa Superior, Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Michigan kilipata hataza mwaka 2001 ya kutengeneza chuma moja kwa moja kwa kuunganisha maikrowevu na cheche za umeme, kazi ya Jiann-Yang Hwang na wenzake. Miaka ishirini baadaye kampuni ya Rio Tinto ilitangaza mradi wake wa BioIron: mawe ya Pilbara, Australia, yanachanganywa na mabaki ya mazao badala ya makaa ya mawe, yanapashwa kwanza kwa gesi inayotokana na mabaki hayo, kisha maikrowevu inamalizia. Nottingham walishiriki, majaribio yakafanyika Ujerumani, na mwaka 2024 kampuni ilitangaza dola milioni 143 za kujenga kituo cha utafiti Rockingham, Australia Magharibi, kilicholenga tani moja ya chuma kwa saa.

Tani moja kwa saa. Tanuri kubwa la kawaida hutoa mamia ya tani kwa saa. Tofauti hiyo ndiyo umbali uliobaki.

Umbali huo una sababu zake. Chuma kikishazaliwa ndani ya tanuri hugeuka kioo cha mawimbi: huyarudisha badala ya kuyapokea, na cheche huruka kama zile unazoziona ukisahau kijiko ndani ya maikrowevu. Mawimbi nayo hayapenyi mbali ndani ya rundo linalowaka, kwa hiyo tabaka lazima liwe jembamba, na tabaka jembamba linataka tanuri pana. Juu ya yote, kuitenga tani moja ya chuma na oksijeni yake, ukianzia kwenye hematiti, kunadai nguvu inayolingana na uniti 2,000 kwa uchache. Makaa au mabaki ya mazao yanabeba sehemu kubwa ya mzigo huo kwa sababu kaboni ndiyo inayoinyakua oksijeni. Umeme unachangia joto. Ukiwa na umeme ghali, hesabu haikai.

Nilisema njia hii inanivutia, na sababu yake iko Kagera. Kwenye nchi ya Wahaya, mahali kama Katuruka, mwanaakiolojia Peter Schmidt alifukua tanuri za chuma za zaidi ya miaka 1,500 iliyopita, na mwaka 1978 yeye na Donald Avery walichapisha kazi yao katika jarida la Science. Wazee waliokuwa wakikumbuka ufundi wa baba zao walijenga tanuri upya wakaliwasha. Ndani ya shimo walitandika nyasi za bwawani zilizochomwa, juu wakapanga mawe ya chuma na makaa ya miti, mivukuto ikapulizwa. Kaboni ya nyasi ikainyakua oksijeni ya jiwe. Wafipa walikuwa na tanuri zao ndefu, malungu. Wapare walikuwa na ukoo wa wahunzi, Washana. Na katika karne ya 12 al-Idrisi aliandika juu ya chuma cha Malindi. Mtu anayeniambia kuwa kufua chuma kwa mabaki ya mimea ni wazo geni kwetu, namwelekeza Kagera.

Sasa tuje kwenye mlima wa chuma wa Liganga. Mlima huo uko Ludewa, mkoani Njombe, na akiba iliyothibitishwa inatajwa kuwa tani milioni 126. Septemba 2011 Shirika la Maendeleo la Taifa, NDC, lilitia saini na kampuni ya Sichuan Hongda ya China, asilimia 20 kwa 80, mradi wa chuma cha Liganga pamoja na makaa ya mawe ya Mchuchuma. Miaka ikapita. Wananchi waliopisha ardhi walisubiri fidia yao mpaka mwaka 2023. Tanuri halijawashwa.

Kasoro ya jiwe la Liganga ni ya aina ya pili niliyoitaja: chuma kipo, ila kimeshikana na titani na vanadi. Je, mawimbi yanaweza kusaidia? Kuna dokezo kutoka Norway. Kingman na wenzake walipolitia kwenye maikrowevu jiwe gumu la huko la ilmeniti (madini ya chuma na titani), ambalo ni ndugu wa karibu wa mawe ya Liganga kwa namna yalivyozaliwa kutokana na magma, nguvu ya kulisaga ilipungua kwa kiasi cha kushangaza, hadi asilimia 90. Chembe zake ni kubwa, ilmeniti na magnetiti hupokea mawimbi, mengine hayapokei. Hili ni jiwe linalofanana na bisi kuliko takonaiti. Kwa hiyo ninapoulizwa ni wapi Afrika Mashariki pa kujaribu, jibu langu ni Liganga kabla ya mahali pengine popote. Hematiti ya Muko, kusini magharibi mwa Uganda, ni tajiri kiasi kwamba haihitaji kutibiwa. Inahitaji tanuri na reli.

Hata hivyo natoa tahadhari mbili. Sehemu ya titani katika mawe ya namna hii imo ndani ya chembe ya magnetiti yenyewe, imefumwa pamoja na chuma kama uzi ndani ya khanga. Hakuna ufa unaoweza kuitoa, wa mawimbi wala wa kinu. Hiyo itaondolewa kwenye kuyeyusha. Na ile asilimia 90 ilipatikana kwa kupasha kwa muda mrefu maabarani, gharama ambayo tumekwisha kuihesabu. Kinachotafutwa ni kujua asilimia ngapi zinabaki ukitumia pigo fupi la chini ya sekunde. Hilo linajulikana kwa kupima jiwe lenyewe tu.

Ningependa msomaji azingatie jinsi Minnesota ilivyoifikia takonaiti, kwa sababu historia hiyo inaizidi kwa thamani mashine yoyote. Mwaka 1913 kijana mwalimu wa hesabu, Edward Wilson Davis, alianza kulichunguza jiwe hilo kwenye Kituo cha Majaribio ya Migodi cha Chuo Kikuu cha Minnesota, kando ya mto Mississippi mjini Minneapolis, kama nusu saa kwa gari kutoka Hopkins. Wakati huo mawe mekundu yenye chuma zaidi ya nusu yalikuwa yakichotwa kwa makoleo ya mvuke, na watu walimwona anayepoteza muda na jabali kuwa hana kazi. Mwaka 1922 kiwanda cha kwanza kilifunguliwa Babbitt kwa kufuata utafiti wake. Mwaka 1924 kikafungwa, chuma chake kilikuwa ghali kuliko cha mawe mazuri. Davis alirudi maabarani. Mwaka 1941 bunge la jimbo lilibadilisha kodi, takonaiti itozwe inapozalishwa badala ya ardhi kutozwa kila mwaka hata kama haijaguswa. Kiwanda kikubwa cha Silver Bay, kilichopewa jina lake, kilianza kutoa vidonge katikati ya miaka ya 1950. Mwaka 1964 wapiga kura wakaiingiza ahadi ya kodi hiyo kwenye katiba ya jimbo.

Zaidi ya miaka arobaini, kwa fedha za umma, ndani ya maabara ya chuo cha umma, juu ya jiwe la kwao. Mashine zilizotumika, sumaku na kinu, zilikuwa zinajulikana tangu mwanzo. Kilichokosekana mwaka 1913 kilikuwa ujuzi wa jiwe lile na sheria inayolifaa.

Silver Bay ina upande wa pili pia, na ni lazima usemwe. Kampuni ya Reserve Mining ilimwaga tani 67,000 za unga wa marudio kila siku ndani ya Ziwa Superior. Mwaka 1973 nyuzinyuzi zinazofanana na asbesto zilikutwa kwenye maji ya kunywa ya mji wa Duluth. Aprili 1974 Jaji Miles Lord aliamuru kiwanda kifungwe. Mahakama ya rufaa ikakifungua baada ya siku mbili, na ilifika mwaka 1980 ndipo uchafu ulipoanza kutupwa nchi kavu. Maikrowevu haipunguzi tani mbili za kutupa hata kwa kilo moja. Jiwe duni litabaki kuzaa uchafu mwingi. Faida inayowezekana ni hii: kama ufa unafuata mpaka wa chembe, huhitaji kusaga laini sana, na mchanga mkubwa ni rahisi kuukausha na kuurundika kuliko tope. Katika hesabu za wauza mitambo sijaona faida hii ikipewa uzito inaostahili. Kwa watu wanaoishi bondeni chini ya mgodi, karibu na chanzo cha maji yanayoelekea Ziwa Nyasa, ingekuwa ya kwanza.

Na umeme je? Bwawa la Julius Nyerere kwenye mto Rufiji lina uwezo wa megawati 2,115. Kwa mara ya kwanza Tanzania inaweza kulizungumzia tanuri la umeme bila ndoto. Uniti moja kwa tani kwa ajili ya kulegeza mawe ni mzigo mwepesi kwa gridi. Kuyeyusha kwa mawimbi ni mzigo wa aina nyingine kabisa. Huko ningesubiri wengine wathibitishe kwa gharama zao, huku tukifuatilia kwa karibu wanachofanya Australia, kwa sababu pumba za mpunga, maganda ya kahawa na mabaki ya mkonge tunayo.

Kwa hiyo uamuzi wangu, baada ya kuzipitia njia zote tatu, ni huu. Kwa takonaiti na mawe mengine yenye chembe ndogo, maikrowevu haiwezi leo kushindana na kinu na sumaku. Kwa kuigeuza hematiti, inawezekana, lakini ina washindani wa bei nafuu. Kwa mawe yenye chembe kubwa na madini mchanganyiko, kama ya Liganga, inastahili kupimwa kwa dhati. Kwa kuyeyusha, ni ya kusubiriwa. Yeyote atakayekuja Dodoma na mkoba akidai kwamba mtambo wake wa mawimbi unatajirisha jiwe lolote, aulizwe maswali matatu: chembe za jiwe lako zina ukubwa gani, umetumia uniti ngapi kwa tani, na ulipima kwenye tani ngapi kwa saa?

Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini iko Dodoma, na Chuo cha Madini kiko hapo hapo. Uchenjuaji wa madini hufundishwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mtambo mdogo wa maikrowevu wa maabara si kitu cha kuombea mkopo wa nchi. Naiomba NDC na Wizara ya Madini, kabla ya mkataba mwingine wowote wa Liganga kutiwa saini, zichukue tani mbili za mawe ya mlima ule kutoka sehemu zake mbalimbali, ziwape vijana wa vyuo hivyo wayapime kwa kinu, kwa sumaku na kwa mawimbi, na matokeo yachapishwe kwa Kiswahili ili mwananchi wa Ludewa aliyesubiri fidia miaka yote ile aweze kuyasoma.

Davis alianza na chini ya hapo.